Nani Anamlisha Kiplimo?

Siku Kiplimo alipoingia katika maisha ya Molly Aoko, aliingia ameishika suruali yake kwa mkono isianguke.

Ilikuwa siku ya soko mjini Kericho. Mvua ya alasiri, ile isiyokosa miadi, ilikuwa imewasukuma watu wote kwenye baraza ya duka la Bosire: wenye kuku, wenye kabeji, mhubiri na kengele yake, na kijana mmoja mrefu mwembamba ambaye shati jeupe lilikuwa limemganda mgongoni. Mshipi wake ulikuwa umekatika akikimbia. Alipenya watu hadi kwenye cherehani iliyokuwa pembeni mwa baraza, akamwinamia fundi Molly kama mtu anayetaka kuungama dhambi.

"Dada, unaweza kunipunguzia hii suruali kiuno? Saa hii?"

"Na wewe utavaa nini nikiishona?"

"Si nijifiche hapa nyuma ya pazia?"

"Jifiche. Lakini hilo pazia ni jepesi, na huu upepo mimi sijui nia yake."

Wenye kuku wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, na Molly akampenda kwa hilo, kwa kuwa mwanamume anayeweza kujicheka hadharani hapatikani kila siku ya soko.

Molly wakati huo alikuwa wa kutazamwa mara mbili. Nywele alizitia dawa ya kalikiti zikang'aa, gauni lake la kijani alijishonea mwenyewe, mabega yamefura kwa mtindo wa miaka hiyo ya tisini, na kiuno chake mafundi wenzake walikiita cha nyigu. Alimzungushia kijana tepu, akaguna.

"Wewe unakula kweli?"

"Nikipata wa kunipikia."

"Sijakuuliza habari ya mpishi. Nimeuliza unakula?"

"Mimi ni karani wa mizani huko kwa majani chai," akasema. "Napima kilo za watu tangu asubuhi mpaka jioni, zangu nasahau. Lakini zako naweza kukadiria bila mizani."

"Thubutu!"

Hakuthubutu siku ile. Ila wiki ile ile alirudi na kifungo kilichokatika, kisha na mfuko uliochanika, na Molly aliyejua nyuzi vizuri aliona wazi kwamba mfuko ule ulichanwa kwa wembe. Akaushona bila kusema neno. Halafu zikaanza simu. Bosire alikuwa na simu juu ya kaunta, na kila ilipolia karibu na saa za lanchi alikuwa akiita, "Fundi! Mgonjwa wako!"

"Haloo, naomba fundi Molly."

"Ndiye huyu. Nani?"

"Ni mteja. Kuna kitu imeshonoka."

"Kitu gani?"

"Moyo."

"Hiyo hatushoni hapa. Peleka kwa fundi viatu."

Lakini aliushona, wapendanao wakahamia pamoja katika vyumba viwili nyuma ya soko. Mamake Molly, mjane wa huko Ahero, alilalamika kidogo akanyamaza. Mamake Kiplimo, wa huko Ndanai, hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha. Alipoambiwa mwanawe anaishi na Mjaluo, aliuliza tu kama ng'ombe wamekamuliwa.

"Utanipeleka lini kwenu?" Molly alikuwa akiuliza.

"Mama akipoa, Jaber." Hilo ndilo neno la Kijaluo alilojifunza kwanza, mrembo, na alilitamka kwa ulimi wa Kipsigis mpaka Molly akacheka.

"Na kama hatapoa?"

"Atapoa. Hata jiko hupoa."

Mwaka ukapita na Molly hakuijua njia ya Ndanai. Hakuwajua shangazi, wala binamu, wala mbwa wa boma lile. Aliliweka jambo hilo moyoni, kando, kama mtu anavyoweka sindano mahali anapojua ataihitaji.

Kisha akapata mimba, na ile njaa yake ikawa hadithi ya wapangaji wote wa ploti. Alikula odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni kwa wajawazito. Alikula ndizi mbivu, chapati, omena kwa ugali, ugali kwa ugali. Mursik, maziwa ya kibuyu yenye rangi ya makaa ambayo zamani yalimtia kichefuchefu, sasa aliyanywa mpaka akalamba kikombe. Kilo zikapanda. Akaanza kuzifungua nguo zake mishono, mwisho akajishonea gauni moja pana la maua, akalivaa, akalifua, akalivaa.

Kiplimo alikuwa na raha tele. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akichukua tepu na kumpima tumbo.

"Aii! Leo haifiki. Fundi, ongeza kitambaa!"

"Wacha, Limo. Nimekuwa kama gunia."

"Gunia la majani mabichi, gredi ya kwanza. Kwetu bibi akinona, watu wanajua mume wake ako na ng'ombe."

"Na wewe huna hata mkia wa ng'ombe."

"Hao watu watajuaje?"

Siku hizo alikuwa akimshika kiuno, akimshika mashavu, akilala na mkono juu ya tumbo mpaka mtoto ampige teke. Nalisema hili ili ijulikane kwamba Molly hakuwa na wivu wa kuzaliwa nao. Alikuwa amependwa akiwa mnene, alilijua hilo, ndiyo maana yaliyofuata yalimchoma.

Mtoto alizaliwa alfajiri, mvulana, akapewa jina la marehemu babake Molly, Kepher. Kiplimo alifika wadini saa ya kutembelea wagonjwa, na thamosi na mkate mikononi. Akaviweka chini mlangoni. Akasimama pale pale.

"Karibia basi umwone mtoto wako."

"Namwona."

"Kutoka huko? Kuja umshike."

"Viatu yangu iko na matope, Jaber."

Alikuwa amevaa viatu vya Jumapili, vinang'aa. Molly aliviangalia, akamwangalia usoni, kisha akaiona mikono yake ikizama mifukoni. Mama wa kitanda jirani akageuza uso kwa adabu.

Nyumbani ikawa vile vile. Kiplimo alitandika godoro sebuleni. "Mimi nalala vibaya, nisije nikamwangukia mtoto." Chakula akikiandaa Molly, jibu lilikuwa moja: "Nimekula kazini." Chai alijimiminia mwenyewe. Molly akimnyoshea kikombe, alisema, "Weka tu hapo mezani." Mtoto akilia alisimama, akazunguka meza, akamtazama kwa macho ambayo Molly hakuyaelewa, kisha akatoka nje kwenda kutazama mvua.

Molly alipobaki peke yake alijisimamisha mbele ya kioo. Mtoto alikuwa ametoka lakini tumbo lilikuwa limebaki, laini kama unga uliokandwa ukasahaulika. Mashavu yalikuwa yamejaa, mikono imejaa, gauni la kijani halikupita hata mabegani. Akapiga hesabu yake. Nyumba ni ile ile. Mume ni yule yule. Kilichobadilika ni mimi.

Jirani yake barazani alikuwa Gesare, muuza kabeji, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi usiojua likizo. Molly aliporudi kazini na mtoto mgongoni, Gesare alimtazama akaweka kisu chini.

"Mama Kepher, kwani huko nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu, na macho imevimba hivyo? Anakupiga?"

"Hata kidole hajaniwekea." Molly akacheka kicheko kibaya. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Akamwambia yote. Gesare alisikiliza, akitikisa kichwa kila baada ya neno.

"Chakula pia anakataa?"

"Anasema amekula kazini."

"Wee! Mwanaume akikataa kitanda, anaweza kuwa amechoka. Lakini akikataa ugali, dadangu, kuna mahali kuna sufuria ingine. Mtoto je, anambeba?"

"Hajawahi."

"Labda ni hilo jina. Umempatia mtoto wa Mkipsigis jina la Kijaluo, unategemea ashangilie?"

Hilo Molly hakuwa amelifikiria. Sasa akawa na mambo mawili ya kumnyima usingizi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na wingu kubwa lilikuja Jumamosi moja. Kiplimo alitoka chumbani akiwa amebana pumzi, suruali ya kazi imekataa kufungika kifungo. Ilikuwa ile ile aliyopunguziwa kiuno siku ya mvua.

"Jaber, hebu nifungulie hii kidogo. Inanibana."

Molly aliinuka na tepu.

"Lete nijipime mwenyewe," Kiplimo akasema, akarudi nyuma hatua moja.

Alijipima, akamtajia inchi. Molly aliziandika kwa chaki juu ya kitambaa. Fundi hadanganywi na kiuno. Mtu aliyeishi miaka yote na mbavu nje, mtu asiyeonja chakula cha nyumbani kwake, alikuwa amenenepa. Kiuno kama kile hakiletwi na chai na mandazi ya kazini. Kinaletwa na mwanamke anayepakua, anayeuliza umeshiba, anayeongeza. Na shati lake alipolifua jioni ile lilinuka mursik, na katika nyumba yao mursik ilikuwa haijaingia tangu mtoto azaliwe.

"Nani anakulisha, Limo?" aliuliza taratibu.

"Aah, si hao watu wa kazini."

"Watu wa kazini wana jina?"

Kiplimo akainama kufunga kamba za viatu. Alizifunga kwa muda mrefu.

Molly hakugombana. Alikuwa na dawa nyingine. Kesho yake alianza kunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, na ndimu asubuhi, strungi na ndimu mchana, na jioni sukumawiki bila ugali. Alijikaza tumbo kwa leso mpaka kupumua kukawa kazi. Kabla ya kufungua cherehani alipanda kilima cha nyuma ya mji akiwa amembeba mtoto, akakishuka, akakipanda tena, huku vijana wa mbio wakimpita na kumsalimia, "Chamgei mama! Mbio ni lini?"

Kilo zilimtoka kama zilivyokuja. Shingo ikarudi, mifupa ya mashavu ikarudi. Barazani watu wakamsifu.

"Huyo sasa ndiye Molly!" alisema Bosire.

"Amwone sasa!" alisema Gesare, kana kwamba ushindi ulikuwa wake.

Jioni moja Molly alivaa gauni la kijani. Lilipita. Alipaka wanja, akasimama mlangoni Kiplimo alipoingia. Na macho ya mumewe yakamtoka kweli, lakini si kwa namna aliyoitarajia.

"Jaber, wewe unakula?"

"Nimekula kazini."

"Usinitanie. Umeisha. Unaumwa?"

"Nilikuwa gunia, hukunitazama. Nimekuwa mwiko, unaniuliza naumwa. Unataka niwe nani, Limo? Niambie, mimi ni fundi, nitajishona upya."

Kiplimo alisogea hatua moja, mkono ukanyanyuka nusu. Kisha Kepher akalia mgongoni mwa mamake, mkono ukashuka, na mwanamume akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Tutaongea," akasema.

"Lini?"

"Kuna siku tutaongea."

Lo! Mwanamke gani asiyejua maana ya maneno hayo? Molly aliyasikia akaona tayari begi lake juu ya gari la Kisumu.

Lakini aliyeongea kwanza ni mtoto. Kepher alikuwa ameanza kulia kilio chembamba kisichokoma, akinyonya, akiachia, akilia tena. Molly alimpeleka kliniki. Nesi, mama wa makamo aitwaye Nelvine, alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akatazama mshale, akamtoa, akamning'iniza tena.

"Huyu amepungua."

"Amepungua vipi na ananyonya mchana kutwa?"

Nelvine alimwambia Molly afungue blauzi, akaona leso ilivyombana, akailegeza kwa vidole vyake mwenyewe huku akisonya.

"Mama, asubuhi umekula nini?"

"Strungi."

"Na nini?"

"Na ndimu."

"Na jana?"

Molly akaanza kulia.

"Sikiza, mamii. Hizo kilo ulizoongeza ukiwa na mimba Mungu hakukosea. Zingine ni akiba ya huyu mtoto. Zinatoka polepole, zenyewe, akinyonya. Wewe umezifukuza na fimbo, maziwa ikatoka nazo. Unapunguza mwili ya nani hapa? Yako ama yake?" Akamkabidhi mtoto. "Nenda ukule. Si kesho. Leo. Na huyo babake akuje nimwone."

Babake. Molly alikwenda moja kwa moja hadi posta, kwenye simu ya sarafu, mtoto akilia begani. Hakutaka ugomvi siku hiyo. Alitaka tu mtu wa kumwambia, tumekosea, mtoto anaisha, njoo. Akapiga ofisi ya kiwanda ambako Kiplimo alipeleka majani. Aliyepokea alikuwa Oketch, kijana wa kwao wa ziwani.

"Shemeji! Habari ya siku? Karani hayuko, ameenda lanchi."

"Lanchi wapi?"

"Si kwa Rebeccah, hapa nje ya geti. Huyo hata mvua inyeshe mawe hawezi kosa kwa Rebeccah. Tunamwambia atahamia huko!" Oketch akacheka, kisha akasikia kimya. "Shemeji? Kwani hukuwa unajua? Aah, shemeji, ni utani tu, usichukulie..."

Sarafu ikaisha.

Sasa sufuria ilikuwa na jina. Molly alipanda gari la kwanza lililoelekea upande wa kiwanda, na njia nzima mashamba ya chai yalipita dirishani bila yeye kuyaona.

Kibanda cha Rebeccah kilikuwa cha mbao, kimepakwa rangi ya samawati, moshi ukitoka juu. Molly alisimama mlangoni. Ndani wachuma chai na makarani walikula bega kwa bega, na katikati yao alipita mwanamke kijana, mwembamba, gauni la manjano limemkaa kama lilichorwa, kitambaa cheupe kichwani, akicheka na kila mtu. Fundi alimpima kwa jicho, hakuweza kujizuia. Kiuno cha nyigu. Na pale pembeni kwenye meza yake peke yake, sahani ya ugali wa wimbi na nyama mbele yake, kibuyu cha mursik kando, alikaa Kiplimo. Yule mwanamke alimwekea kipande kingine cha nyama bila kuulizwa.

"Kwa hivyo ndiye huyu," Molly akasema.

Kiplimo akasimama, tonge mkononi.

"Jaber! Umefikaje huku? Mtoto ako sawa?"

"Unauliza mtoto? Leo ndiyo unauliza mtoto?" Molly alivuka kile kibanda, watu wakivuta magoti kumpisha. Akamfungua Kepher kutoka mgongoni, akamnyosha mbele kwa mikono miwili. "Basi mshike. Mbele ya huyu anayekulisha, mbele ya hawa watu wote. Mshike mtoto wako mara moja tu, halafu nitaenda kwetu na sitakusumbua."

Kiplimo akaangusha tonge. Akarudi nyuma mpaka ukutani, na mikono yake yote miwili akaificha mgongoni.

Hakuna aliyecheka. Molly alimrudisha mtoto kifuani, akatoka, akaenda kusimama barabarani kungoja gari lolote la kuelekea ziwani. Hakuwa akilia tena. Alikuwa amepata jibu, na mtu akishapata jibu analia la nini?

Aliyemkimbilia kwanza hakuwa Kiplimo. Alikuwa ni Rebeccah, mwiko mkononi.

"Mama Kepher! Ngoja! Haki ya Mungu, ngoja!"

"Nikungojee unipakulie na mimi?"

"Mimi ni dada yake!"

"Ndiyo, dada. Wote huwa ni dada."

"Baba yangu na baba yake ni tumbo moja! Angalia hii paji la uso!" Rebeccah akavua kitambaa cha kichwa kwa hasira. Molly akalitazama paji lile, pana, limejipinda kidogo upande wa kushoto. Lilikuwa la Kiplimo. Lilikuwa pia, akiangalia chini kifuani mwake, la Kepher.

"Wewe hutujui kwa sababu huyu mjinga hajakuleta nyumbani," Rebeccah akaendelea. "Kwetu, kwa wazee, mwanaume hashiki mtoto mchanga, na halali na mama anayenyonyesha, hamgusi, hakuli kwa mkono yake. Wengi wameacha. Mama ya Kiplimo hajaacha. Kipsang, kaka mkubwa wa Kiplimo, alibeba mtoto wake wa kwanza siku ile alizaliwa, na huyo mtoto hakuota hata jino moja. Akazikwa. Mama yao anasema ni hiyo mikono. Sasa wewe ulipopata mimba akamwita Kiplimo Ndanai akamwambia, fuata hii moja tu mpaka mtoto aote meno, na mimi nitampokea huyo Mjaluo wako kwa mlango wa mbele. Ndiyo maana mimi namlisha. Mama mwenyewe ndiye analeta mursik."

Molly aligeuza kichwa. Kiplimo alikuwa amefika, amesimama mbali kidogo kwenye nyasi za kando ya barabara.

"Ni kweli, Limo?"

"Ni kweli."

"Na wewe, karani, mtu wa kwenda kanisa, unaamini?"

"Sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijui kama naamini. Lakini nilibeba lile jeneza la mtoto wa Kipsang. Lilikuwa jepesi, Jaber. Kila nikitaka kumshika Kepher nakumbuka vile lilikuwa jepesi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka. Wewe ni mtu wa mjini. Na nilitaka tu meno itoke nikupeleke nyumbani, mama akukumbatie, usijue hata kulikuwa na vita."

"Mimi nilidhani ni huu mwili wangu." Molly alilisema mbele ya Rebeccah, mbele ya wachuma chai waliokuwa wamejaa mlangoni mwa kibanda. "Nilidhani umenichukia niliponona. Nimekunywa ndimu mpaka meno inauma. Nimejifunga leso, nimepanda kilima, ili siku moja uniangalie. Sasa maziwa imekauka. Nimetoka kliniki, Limo. Mtoto anapungua. Ukitaka kujua vile yeye ni mwepesi, kuja umpime. Mikono yako haijamgusa, na bado anaisha."

Uso wa Kiplimo ulikuwa umebadilika rangi. Alimtazama mtoto, akamtazama Molly, shingo ile, mifupa ile ya mashavu aliyokuwa ameiona kila jioni akidhani ni ugonjwa na kuogopa kuuliza.

"Tangu lini hujakula?"

"Kula ya kweli? Sikumbuki."

Alivuka nyasi. Alipofika karibu aliinua mikono yake, mikono ya mtu anayenyanyua magunia siku nzima, akaikung'uta kwanza kwenye suruali, mbele na nyuma, kama mtu anayeingia kanisani.

"Kiplimo," Rebeccah akasema polepole. "Mama atajua. Hawa watu wote wameona."

"Ajue. Nitamwambia mwenyewe."

"Na ile ahadi yake?"

"Kama hatampokea mtu wangu kwa mlango wa mbele, hata mimi sitapita hapo." Akamgeukia Molly. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono alikuwa ameinyosha. "Nipe. Nipe nimshike, wewe ukule."

"Limo, kama unaogopa..."

"Naogopa sana. Nipe tu."

Molly alimweka Kepher katika mikono ile. Kiplimo aliacha kupumua. Mtoto alikunja uso kutaka kulia, akamwona mtu mgeni mwenye paji pana, akasahau kulia, akashika kifungo cha shati lake.

"Jaber," Kiplimo akanong'ona. "Hana kilo, huyu."

"Najua."

"Tutamrudishia. Nitawarudishia nyinyi wote wawili. Ukinona mpaka mlango ikatae, nitavunja ukuta."

Molly alicheka na kulia kwa pamoja, vibaya, bila kujali kamasi wala wanja. Rebeccah alimshika mkono akamwingiza kibandani, akamketisha kwenye ile meza ya pembeni, akaisukuma kando sahani ya Kiplimo na kumpakulia nyingine mpya: ugali wa wimbi, nyama, mboga ya isagek iliyopikwa kwa maziwa, na kikombe cha mursik kilichojaa mpaka ukingoni. Molly alishika tonge la kwanza akalitazama kama kitu alichokisahau jina. Kisha akala. Alikula bila aibu, bila kuinua kichwa, huku nje ya mlango Kiplimo akitembea polepole huku na huko na mtoto kifuani, na makarani wenzake wakimpisha njia.

Sahani ilipokwisha, Molly aliifungua ile leso iliyokuwa imelegea kiunoni, akaiweka juu ya benchi, akavuta pumzi ya tumbo zima.

"Rebeccah," akaita.

"Naam, mama Kepher?"

"Niongezee ugali."